Hodi Ndani ya Theluji

Haya yalimpata rafiki yangu Ursina. Yeye na mdogo wake Gion walikuwa wakimpelekea baba yao dawa kibandani, ng'ambo ya mteremko, katika ukungu mzito. Kabla ya kuvuka, Ursina alichimba shimo, akachonga nguzo ya theluji, akaweka koleo juu yake na kuligonga kwa kiganja. Nguzo ikikatika, mteremko mzima waweza kuporomoka.

"Gonga kweli, dada! Unambembeleza paka?" Gion alitania.

Akagonga mara tatu. Nguzo ikasimama imara. Kisha vikasikika vishindo vitatu vingine.

"Gion, acha mchezo."

"Mimi? Mikono yangu iko kwapani, dada."

Ursina akabandika sikio kwenye ukuta wa shimo. Ndani ya theluji, upande ule waliopaswa kuvuka, kitu kikagonga tena taratibu, kama mgeni anayejua kwamba wenyeji wamo.