Mrithi wa Profesa

Wiki ya kwanza ya muhula maktaba ya chuo kikuu hugeuka soko. Wanafunzi walikuwa wamebanana kwenye kaunta, huyu kapoteza kitambulisho, yule anadai kitabu kinachogombaniwa na darasa zima, mara sauti ya mwanamume ikapita juu ya vichwa vyote.

"Jamani, ramani za zamani za viwanja ziko wapi hapa?"

Mkutubi mkuu, aliyeshuka kaunta kuwasaidia vijana wake, aliinua uso. Watu wote walimwita Profesa, kwa sababu wakutubi karibu wote wa mji ule walipita mikononi mwake darasani.

"Mzee wangu, hii ni maktaba. Hata waliosinzia ghorofani wameshakusikia."

"Samahani, bibie. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Maisha yangu yote nimepiga kelele kutoka ng'ambo ya kiwanja."

"Basi leo jaribu kunong'ona."

Mwanamume akainama. Shati lake jeupe lilipigwa pasi likapigika. "Ukinipa ramani nitanyamaza," alinong'ona. "Ukinipa na namba ya simu, nitakuwa bubu kabisa."

Profesa alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Tangu awe mjane, wafanyakazi wake hawakuwa wamemsikia akicheka hivyo, na wawili watatu waligeuka kuhakikisha ni yeye.

Namba akampa. Mapenzi nayo hayaulizi umri. Kabla muhula haujaisha walikuwa hawalali bila kutakiana usiku mwema. Mpima alikuwa na nyumba mji mwingine, juu kilimani, na alitaka wakaishi huko kama mume na mke.

Tatizo ni kwamba Profesa alikuwa amenasa. Aliingia maktaba ile akiwa msichana, kazi yake kubandika gundi vitabu vilivyochanika. Akasoma jioni, akapanda cheo baada ya cheo, mpaka akaianzisha mwenyewe idara ya sayansi ya habari. Umri wa kustaafu ulikuja ukapita. Kila mwaka mkataba uliongezwa, "mpaka tumpate mrithi." Paa likivuja, simu kwake. Kompyuta zikigoma, simu kwake. Hata alipofanyiwa upasuaji wa jicho, waliingia wodini na karatasi za kusaini, naye akasaini kwa jicho moja.

"Umekula?" Mpima alikuwa akimpigia mchana.

"Bado, nina kikao."

"Mama, hivi unaolewa na mimi au na kikao?"

"Na wewe, laazizi. Jopo la usaili likimpata mtu tu, siku hiyohiyo nafunga ofisi."

Mpima alimwamini. Wakasailiwa watu watatu, na wote, kwa maelezo ya Profesa, hawakufaa. Siku ya usaili wa nne alivaa suti yake ya kijivu akaja kukaa kwenye benchi la nje, amsubiri mpenzi wake na habari njema.

Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke kijana akijifuta machozi. Akakaa mwisho wa benchi.

"Pole, binti. Maswali yalikuwa magumu?"

"Maswali nilijibu, mzee. Aliniuliza bomba likipasuka chumba cha tasnifu nitaokoa nini kwanza. Nikamjibu kama alivyonifundisha yeye mwenyewe darasani. Akasema hayo ni ya kitabuni."

"Nani huyo?"

"Profesa. Wenzangu watatu pia ni yeye aliyewakataa. Kwenye jopo nani atambishia?"

Binti akashuka ngazi. Mpima alibaki anaitazama sakafu mpaka Profesa alipotoka, gauni lake la bluu limekunjamana kwa kukaa.

"Huyu naye hapana, mpenzi. Tutatangaza tena."

"Kumbe ni wewe."

"Mimi nini?"

"Ni wewe unayewakataa. Kama hunitaki, niambie usoni. Nimeshawahi kukataliwa, sikufa. Lakini kuniweka benchi wakati ufunguo uko mfukoni mwako, hapana."

"Unataka nimwachie ofisi hii yeyote anayepita?"

"Binti yule umemfundisha wewe," alisema Mpima, akaondoka.

Jioni ile Profesa alipiga simu, haikupokewa. Alikaa ofisini kwake akalia. Aliumia zaidi kwa sababu Mpima alikuwa amesema kweli. Miaka yote alilalamika kwamba amefungiwa, kumbe komeo alilisukuma mwenyewe kwa ndani. Alimpenda yule mwanamume, tena sana. Ila alipojaribu kuwaza asubuhi moja tu asiyoulizwa kitu na mtu yeyote, moyo ulimwenda mbio.

Asubuhi akaenda kwa makamu mkuu wa chuo. "Naomba kubadilisha alama zangu za usaili wa jana. Yule binti anafaa. Asiyefaa nilikuwa mimi."

"Safi sana, Profesa. Basi tukuongezee mwaka mmoja umshike mkono."

Alikuwa karibu kusema ndiyo. Mdomo ulishafunguka kwa mazoea.

"Nilishamshika mkono darasani. Anatosha."

"Miezi sita?"

"Hapana."

"Mitatu, tafadhali."

"Hapana, mkuu."

Alitoka, akampigia Mpima. Mara ya tatu ikapokewa. Alishaondoka mjini, alikuwa kwake kilimani.

"Nimempitisha," Profesa alisema.

"Mpe hongera zake."

"Sikukukataa wewe. Niliogopa. Sijui mimi ni nani nikiwa nje ya pale."

"Mbona hukuniambia?"

"Hata mwenyewe nilikuwa sijajiambia."

Mpima alivuta pumzi. "Sasa unataka nini, bibie?"

"Unioe. Ijumaa, kabla sijajificha tena. Na wakinipigia simu kuniita, maana watapiga, nawajua, wewe uninyang'anye hiyo simu. Unizuie."

"Hapana, mpenzi. Sitakuzuia."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukutoa ofisi moja nikakuingiza nyingine. Simu ni yako, itakaa mezani. Ukitaka kurudi, nitakusindikiza mwenyewe mpaka kituo cha basi."

Profesa alisimama pale kwenye korido, wanafunzi wakimpita huku na huku. Hakuwahi kupewa mlango ulio wazi hivyo, na ulimtisha kuliko uliofungwa.

"Upo?" Mpima aliuliza.

"Nipo. Ijumaa usije kunichukua. Nitakuja mwenyewe."