Kranki Fupi za Jovita

Jumamosi ile soko la Bukoba lilikuwa limefurika, wauza ndizi wakigombea nafasi na wauza dagaa, na Jovita alikuwa akipita katikati yao juu ya baiskeli badala ya kushuka na kuisukuma kama watu wengine. Alivaa gauni la kitenge cha kijani lililoishia magotini. Goti lake la kulia lilikuwa na kovu refu, na hakulificha. Kila pedeli ya kulia ilipofika juu, nyonga yake ilinyanyuka kwenye siti na mwili wote ukapinda upande. Mbele ya vibanda vya mafundi akakutana na mtu aliyebeba mkungu, akafunga breki, akataka kukanyaga chini, goti likakataa. Akaangukia marobota ya mitumba.

Watu wakampa pole kutoka kila upande. Mwanamume mmoja mrefu, mwenye ovaroli la bluu lililojaa madoa ya grisi, alimwinua bila kumpa pole. Macho yake yalikuwa kwenye baiskeli.

"Dada, mguu wako hauna kosa," alisema. "Kranki zako ndizo ndefu."

Jovita akamjibu kwamba madaktari wawili, mama yake mzazi na mchumba aliyemwacha waliutazama mguu huo, na wote walisema mengine.

"Na hao wote ni mafundi baiskeli?"

Jovita akacheka bila kupenda.

Jina la fundi huyo lilikuwa Ildefons. Akamweleza, huku akizungusha pedeli kwa mkono, kwamba kranki, ile mikono miwili ya chuma inayoshika pedeli, ndiyo inayoamua goti lipande mpaka wapi. Zake zilikuwa za sentimita kumi na saba. Mwenye magoti mazima haoni tatizo. Lakini goti lisilokunjika sawasawa linalazimishwa kila mzunguko, na linapokataa ndipo nyonga inaponyanyuka.

Hakuna mtu aliyewahi kumweleza Jovita hivyo. Alikuwa afisa ugani wa kahawa, akizunguka kwa wakulima kuanzia Ijuganyondo mpaka Izimbya, na kabla pikipiki haijamgonga alikuwa ameshinda mara mbili, upande wa wanawake, mbio za baiskeli za Bukoba mpaka Muleba. Baada ya ajali mchumba wake alisema mwanamke anayechechemea hawezi kutunza kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, akaenda kuoa kwingine. Mama yake, Anatolia, alimsihi aiuze baiskeli. Jovita akaiosha, akaitia mafuta, akaendelea kuipanda kwa maumivu.

Ildefons alitafuta kranki fupi wiki nzima, akazipata kwenye baiskeli chakavu ya mwanafunzi: sentimita kumi na tano. Wakati wote huo walipigiana simu. Mwanzoni Jovita aliuliza habari za kranki. Baadaye alisahau kuziuliza.

"Leo fundi umekula nini?"

"Matoke na maharage. Na nimekuwaza."

"Kwa mpangilio huo huo?"

"Nilikuwaza kwanza, mpenzi. Ndiyo maana maharage yaliungua."

Siku ya kufunga kranki Jovita alizunguka uwanja wa soko mara moja tu, na nyonga yake ikatulia kwenye siti. Akashuka na machozi machoni. Ildefons akamwambia amwachie baiskeli, kazi bado haijaisha, lakini Jovita alikuwa na haraka ya kwenda kuandikisha jina. Mbio za Muleba zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Katibu wa mbio, mzee Mushumbusi, alifungua daftari akamwambia kwa upole kwamba jina lake limo tayari. Lilikuwa kwenye orodha ya wageni wa heshima, watakaopanda mpaka Kyetema, wapigiwe makofi, halafu wabebwe kwa gari. Jovita akauliza nani amemwandikisha. Mzee akasema ni yule kijana fundi, alikuja juzi, na alionekana kumjali sana.

Jovita alipiga simu akiwa bado mlangoni. Ildefons hakukana. Alisema aliogopa. Alikuwa ameliona kovu lile kwa karibu, akaota Jovita ameanguka tena barabarani.

"Watu wote sokoni walinipa pole, wewe tu hukunipa," Jovita alisema. "Nilikupenda kwa hilo. Kumbe pole yako uliificha ukaenda kuiandika kwenye daftari."

Akakata simu. Ildefons alipiga mara tisa siku ile, na mara tisa haikupokelewa.

Jovita akaanza mazoezi peke yake, na ndani ya siku nne mambo yakaharibika. Juu goti lilipita vizuri, lakini chini mguu haukunyooka, na maumivu yakahamia mbele ya goti. Mama yake akapiga simu kutoka Muleba akisema ukoo mzima utachekwa. Jovita akamjibu kwa adabu kwamba wacheke, mradi wasimame kando ya barabara. Kisha akakaa kitandani akitazama simu, hasira na haja vikivutana, mpaka haja ikashinda.

"Sikupigii kama mpenzi," alisema. "Namtafuta fundi."

"Fundi yupo."

"Mbele ya goti panauma."

"Siti iko chini. Kranki ikiwa fupi, pedeli haishuki kama zamani. Ulichopunguza kwenye kranki kiongeze kwenye siti."

"Sentimita mbili."

"Mbili. Uirudishe na nyuma kidogo. Ukiona umeinama mno, pandisha usukani. Na mlimani usitumie nguvu, kranki fupi haina nguvu ile. Weka gia nyepesi, uzungushe miguu haraka."

"Kuna jingine?"

"Jingine si la baiskeli, Jovita."

"Basi kwaheri, fundi."

Lakini alifanya yote, kwa spana yake mwenyewe. Siku ya tatu alipanda mlima wa Rwamishenye bila kushuka, na juu kabisa akapiga kelele peke yake mpaka mama mmoja muuza nyanya akageuka. Akarudi kwa mzee Mushumbusi kufuta jina kwenye ile orodha. Akakuta limekwisha kufutwa. Ildefons alikuwa amekuja kulifuta, na nafasi yake kwenye orodha ya washindani akaiacha tupu. Jovita akaijaza mwenyewe.

Siku ya mbio alivaa fulana nyekundu na kaptura iliyoonyesha kovu lote. Vijana waliziona kranki zake wakauliza kama ameazima baiskeli ya mtoto. Mlimani miguu yake ilizunguka haraka kama cherehani, akawapita wawili kati yao, tena bila kuwatazama. Kemondo ikapita. Karibu na Muhutwe, lile eneo la mbele ya goti likaanza kuuma upya.

Ildefons alikuwa amesimama pale kando ya barabara, na baiskeli yake mwenyewe, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameondoka mjini alfajiri. Hakumpigia makofi wala hakumwambia apumzike.

"Siti yako inashuka," alisema. "Nati imelegea."

Jovita akasimama. Washindani wawili wakampita. Akanyoosha mkono. "Lete spana."

Ildefons akampa, akaishika baiskeli isiyumbe, na Jovita akapandisha siti na kukaza nati huku ameuma meno. Vichwa vyao vilikaribiana.

"Nilikosa," Ildefons alisema. "Hofu ilikuwa yangu, nikakubebesha wewe."

"Ulikosa sana." Akapanda. "Nifuate kama unaweza."

Hakuweza. Jovita aliingia Muleba akiwa wa sita kati ya wanawake, goti likitetemeka, watu wakimshangilia mpaka wa kwanza akaonekana kama amesahaulika. Ildefons alifika baada ya saa nzima, akajilaza kwenye majani kama gunia la kahawa. Anatolia alikuwa hapo, amevaa gomesi la njano, amekuja na gari la kukodi kumchukua binti yake akiwa hoi. Akamwangalia yule mtu majanini, akauliza ni nani.

"Ni Ildefons," Jovita alisema. "Nataka anioe. Bado sijamuuliza."

Ildefons akajiinua kwa kiwiko. "Kasinge waitu," alimwamkia mama kwanza, kama inavyopasa. Kisha akamgeukia Jovita. "Nimekubali."

Anatolia akasema ana maswali kuhusu ukoo wa huyu mtu, na kwamba gari lina nafasi, twendeni nyumbani.

"Mpakie yeye, Mawe. Miguu yake imekwisha," Jovita alisema, akimwita mama yake kwa Kihaya. "Mimi naijua njia."

Wakafunga baiskeli ya Ildefons juu ya gari. Kutoka pale mpaka kibanja cha kwao ni kilometa nne za kupanda, na Jovita alizipanda zote akiwa mbele. Dereva alipopiga honi apishwe, Anatolia akamshika bega, akamwambia aache, aende polepole nyuma ya binti yake.