Fundi wa Chumba cha Mwisho

Plasta ya chumba cha mwisho ilikataa kukauka.

Vyumba vingine vya nyumba ile ya mtaa wa Nyakabanda, Kigali, vilikauka vizuri, vikawa na rangi ya jivu, na ukivigonga kwa kidole vinaitika. Cha mwisho, kile alichotengewa mtoto, kilibaki kibichi kana kwamba kimepakwa asubuhi hiyo. Aliyewahi kukarabati nyumba ya matofali ya udongo atakuambia upesi ugonjwa uko wapi: maji yanapanda kutoka ardhini. Chimba mfereji kando ya msingi, ujaze kokoto, elekeza maji ya paa mbali na ukuta, kisha uwe na subira. Usipake simenti juu ya udongo wenye maji, maana itabanduka tu. Ushauri mzuri sana, na Scovia alikuwa ameshaupata wote. Tatizo ni kwamba aliupata kwa fundi wake, na yeye hakumwamini fundi huyo.

Scovia alikulia Mbarara, akarudi Kigali akiwa mtu mzima, na kazi yake kule Muhima ilikuwa kukagua mizigo ya wafanyabiashara. Kazi ya namna hiyo humharibu mtu. Akiona gunia, anatafuta tundu. Nyumba ile aliinunua ili yeye na bintiye Iteka, mtoto wa miaka sita aliyemlea peke yake, waache kuhamahama kila mwenye nyumba anapoamka vibaya. Hakuwa na mtu mwingine duniani ila mtoto huyo.

"Maneno, unanipunja simenti," alimwambia fundi siku moja, bila salamu.

"Mimi haiko mwizi, madamu. Hii iko maji ya chini. Ngoja jua."

"Maji ya chini inachagua chumba?"

Maneno alikuwa mzaliwa wa mtaa uleule, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Lakini siku hiyo aliangalia mlango wa chumba cha mwisho, akamwangalia Scovia, akasonya, akaondoka. Scovia akajiambia, umeona? Mwenye hatia hana maneno.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na mtu akipaka plasta. Alikuwepo kila Scovia alipopita kutoka kazini: mrefu, mgongo mlangoni, mkono ukipanda na kushuka taratibu. Scovia hakumshangaa. Wafanyakazi wa Maneno, mafundi na mayede wao wa kuchanganya udongo, waliokotwa barabarani kila asubuhi, na sura zilibadilika kila leo. Hakumsalimu pia, kwa kuwa aliamini ukimchekea fundi anakupanda kichwani. Alichokiona ni kwamba mwiko wa mtu yule haukukwaruza. Na chumba kilinukia udi, harufu ambayo simenti haina.

Iteka ndiye aliyemzoea. Akitoka shule alikaa kizingitini, akinong'ona na kucheka.

"Unaongea na nani?"

"Na fundi wangu. Anajenga chumba changu, karibu kinaisha."

"Unamzuia kazi. Toka hapo."

Mtoto akatoka, lakini tangu siku hizo akaanza kukataa chakula. Mikono yake ikawa baridi hata juani, na chini ya kucha zake kulikuwa na udongo ambao haukutoka kwa sabuni. Scovia aliogopa. Badala ya kuuliza ndani ya nyumba, akaanza kuwashuku majirani: nani anamlisha mtoto wake vitu?

Ikaja siku ya mvua kubwa, mchana. Scovia alifika akiwa amelowa, akamkuta Maneno amejikunyata chini ya paa la nje na kikombe cha chai.

"Wengine wako wapi?"

"Niliwaambia waende. Na hii mvua utapaka nini?"

Kutoka ndani, katikati ya kelele za mabati, ilisikika sauti laini ya kitu kikisuguliwa ukutani. Wote wawili waliisikia.

"Na yule, mbona hujamwambia aende?" Scovia aliuliza.

Maneno akashusha kikombe. "Nimwambie mimi? Yule si muntu yako?"

"Wangu?"

"Madamu, usinicheke. Kila bosi wa Kigali anaweka jicho kwa saiti. Binamu, ndugu wa kanisa, anajifanya anafanya kazi, kumbe anachunga simenti. Nikasema, huyu madamu hanipendi, ameweka jicho yake. Nikanyamaza."

"Mimi sijaweka mtu."

"Mana we, Mungu wangu," Maneno akasema, kwa sauti iliyokwisha. "Mimi pia sijaweka."

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Hawa walifichana shaka, kila mmoja akijiona mjanja, na katikati ya ujanja wao mgeni akapata kazi.

"Iteka yuko wapi?" Scovia aliuliza, na kabla fundi hajajibu alikuwa ameshakimbia, akapita sebule ambayo bado haikuwa na sakafu, akajikwaa kwenye ndoo, akaipita, na kadiri alivyokaribia harufu ya udi ilizidi kuwa nzito hata ikamkaba, na sauti ya kusugua ikaendelea polepole bila haraka yoyote kama ya mtu anayejua atamaliza, na alipofika mlangoni hakumwona mwanamume wala mwiko, alimwona mwanawe amesimama kuuelekea ukuta, anatabasamu, na mkono wake wa kulia umezama ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko, na ukuta ule uliokuwa kwenye kona ya nje ya nyumba, ambao nyuma yake hapakuwa na kitu ila mvua, ulikuwa unamvuta.

Scovia alimshika kiunoni akavuta. Upande wa pili nao ukavuta. Maneno akaja akamshika Scovia, huku akisoma kila alichokumbuka kutoka madrasa, na mkono ukachomoka kwa mlio wa tope, mweupe, umekunjamana kama wa mtu aliyefua nguo kutwa.

Iteka alilia. Hakulia kwa maumivu. "Hamkuniacha nione kitanda changu huko ndani," alisema.

Asubuhi yake Maneno alimleta Mwalimu Nizeyimana, mzee mnyamavu aliyewasomea watu wa mtaa dua. Scovia alikuwa mlokole na aibu ilimshika, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Mwalimu alifukiza ubani, akasoma, akaweka kiganja ukutani, akakitoa haraka.

"Majini hawa hawaingii kazini bila kupewa kazi," alisema kwa sauti ya chini. "Na akijenga, anajengea mtu wa kukaa naye. Nani alimpa kazi?"

Maneno akatikisa kichwa. Scovia naye.

"Ni mimi," Iteka akasema. "Aliuliza kwa mulango kama kuna kazi. Nikamwambia ndiyo, unijengee chumba."

"Basi ni yeye tu wa kumwachisha kazi," mwalimu akasema.

Iteka akakataa. Chumba chake kilikuwa kizuri, fundi hamgombezi, fundi hana hasira kama mama. Scovia alipiga magoti kwenye vumbi. Alimwambia mtoto yale ambayo hakuwahi kumwambia: kwamba anampenda mpaka anaogopa, kwamba akimkosa hatajua nyumba ni ya nini. Alilia waziwazi mbele ya wanaume wale wawili. Iteka akamfuta shavu kwa ule mkono wa baridi, akaugeukia ukuta.

"Genda, nenda," alisema. "Kazi imekwisha."

Ukuta ukapumua. Plasta yote ikageuka kijivu palepale, ikapasuka kutoka juu hadi chini, ikaanguka kwa mabamba makubwa, na nyuma yake yakabaki matofali ya udongo, makavu kabisa. Harufu ya udi ikakatika. Mkono wa Iteka ukapata joto, naye akaomba chai na mkate. Maneno akacheka kama mwendawazimu.

Mwalimu peke yake hakucheka. "Mwanangu, alikuwa peke yake?"

Iteka akamshangaa. "Fundi atafanya aje kazi bila yede?"

"Na huyo yede wake yuko wapi?"

"Huyo sikumpa kazi mimi. Huyo anakaa kwa sikio ya mama. Ndiye anamwambia mama ati Maneno ni mwizi."

Maneno akainamisha uso. Mwalimu akamgeukia Scovia, akasema kwa upole, "Basi huyo umfukuze wewe, dada. Mwambie tu aende."

Scovia alifungua kinywa aseme. Neno lilikuwa ulimini. Lakini kabla halijatoka, wazo lilimjia, la wazi kabisa, kwa sauti ileile ambayo miaka yote aliidhani ni yake: Na huyu mwalimu, kaletwa na nani? Si Maneno?

Akafunga kinywa. Akamvuta mwanawe karibu, akawatazama wanaume wale wawili kwa zamu, kisha akawaambia watoke nyumbani kwake.