Noti Iliyotetemeka

Kila siku baada ya shule Apolinaria alifagia kanisa dogo la misheni, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye barabara ya kwenda Kipalapala. Akimaliza, alikaa karibu na kinanda cha umeme mpaka shangazi yake Bernadeta atoke kupika jikoni kwa mapadri. Ulikuwa mwaka 1974. Wazazi wake walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa mbele ya Kaliua, na kwa kuwa huko shule ilikuwa bado inajengwa, yeye aliachwa amalize darasa la saba. Wenzake waliona anakula vizuri na shangazi yake ni mpole, wakadhani mambo yake ni shwari. Kumbe alikuwa mpweke, mpweke hasa.

Kinanda kile kilisimikwa kanisani na Bruda Hilari, fundi wa misheni, na Apolinaria ndiye aliyemshikia tochi.

"Kila kibonye kina vitetemeshi viwili," Bruda alimweleza. "Kitetemeshi ni mtambo mdogo unaoutikisa umeme, uende na kurudi mara nyingi kila sekunde. Spika nayo hutikisika, hewa hutikisika, nasi tunasikia sauti. Mtikiso ukiwa wa haraka zaidi, sauti inapanda." Akachora mawimbi kwenye kipande cha boksi. "Wimbi hili la mviringo, kama vilima, linatoa sauti laini ya filimbi. Hili linalopanda taratibu na kuanguka ghafla, kama meno ya msumeno, linatoa sauti kali ya zumari."

"Na yakilia yote mawili pamoja, Bruda?"

"Yakitikisika kwa kasi moja, utasikia sauti moja nene. Yakipishana kidogo tu, mara yatasaidiana, mara yatapingana, na sauti itatetemeka. Ndiyo maana skrubu hizi haziguswi."

Bruda alikuwa mwalimu mzuri, ila siku ile alisahau kuondoka na bisibisi yake.

Nyumbani, mama na bibi yake Apolinaria walizoea kuimba wakitwanga. Sauti zao zilikaribiana lakini hazikulingana kabisa, na katika noti ndefu ya mwisho hewa yote uani ilitetemeka. Jioni moja Apolinaria alizungusha skrubu ya kitetemeshi kimoja cha noti iitwayo "la", kidogo sana, kisha akabonyeza. Sauti ikatetemeka vilevile. Alifumba macho akalia, kwa raha na uchungu pamoja. Tangu hapo aliisikiliza noti hiyo kila jioni, wala hakuirudisha ilivyokuwa.

Jumamosi kwaya ilikuja kufanya mazoezi. Mpiga kinanda, Mzee Dionis, mgane aliyekuwa akipiga vinanda vya misheni tangu ujana wake, alifika kwenye noti ile akasimama.

"Inayumba," alisema.

Masolwa, kiongozi wa kwaya, alisikiliza. Waimbaji nao wakasikiliza, wakatazamana. "Sisi hatusikii kitu, mzee."

Mzee alipiga tena, na tena, na kila mara alikunja uso. Bruda Hilari angeweza kupima, lakini alikuwa safarini Kigoma.

"Labda ni masikio, mzee wangu," Masolwa alisema kwa upole. "Umri nao una mambo yake."

Mzee Dionis alifunika kinanda, akamkabidhi Masolwa ufunguo wake wa kanisa. "Tafuteni kijana wa kupiga. Mtu asiyeyaamini masikio yake hafai kukaa hapa." Akachukua kofia yake, akatoka.

Apolinaria alikuwa amesimama ukutani na ufagio. Katika kanisa zima, ni yeye peke yake aliyejua kwamba mzee amesikia sawasawa. Akisema, atakatazwa kukisogelea kinanda, shangazi yake ataaibika, na ile sauti ya nyumbani itapotea. Asiposema, mzee atakwenda kukaa peke yake nyumbani akijiona amekwisha. Hatimaye aliuacha ufagio, akakimbia, akamkuta barabarani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, noti inayumba kweli. Mimi ndiye niliyezungusha skrubu."

Mzee alisimama, akamgeukia. "Kwa nini?"

Apolinaria alimweleza yote, ya mama na bibi na kutwanga. Wakarudi pamoja kanisani, akayarudia mbele ya kwaya nzima huku uso ukimwaka moto kwa aibu. Mzee Dionis alibonyeza noti ile, akainamisha kichwa. "Wanaimba vizuri," alisema taratibu. "Sasa irudishe."

Apolinaria alishika bisibisi, mzee akisikiliza. Mtetemo ukapungua kasi, ukapungua tena, ukaisha. Noti ikabaki moja, safi, na msichana akahisi kana kwamba mama yake ametoka chumbani bila kuaga.

"Tuwie radhi, mzee," Masolwa alisema, akamrudishia ufunguo.

Waimbaji walipoondoka, Mzee Dionis alimketisha Apolinaria kando yake. "Skrubu tumeirudisha upesi," alisema. "Lakini mimi, kama ungenyamaza, ningekufa nikiamini masikio yangu yananidanganya, na nyumbani sina wa kuniambia vinginevyo. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako. Na ukimkumbuka mama yako, usije ukalia na kinanda peke yako. Njoo kwangu na shangazi yako, tuzungumze. Mimi pia jioni zangu ni ndefu."