Chumvi ya Ziwa la Pili

Kilichomshtua Chibalonza si mtumbwi kupinduka, ni chumvi. Mitumbwi ilimpindukia tangu utotoni, kule ufukweni mwa Ziwa Kivu, upande wa Kabare, na kila mara aliibuka akicheka. Safari hii aliibuka na funda la maji mdomoni, akalitema, kisha akalamba midomo kuhakikisha. Ziwa lilikuwa na chumvi. Kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani Lidcombe, Sydney, aliogopa.

Upepo wa kusini ulikuwa umewakuta katikati ya ziwa bila hodi. Asubuhi ilikuwa ya joto kali na maji yametulia tuli. Saa sita mchana upande wa kusini ukawa mweusi, na kabla hawajaugeuza mtumbwi, wimbi la tatu likawamwaga wote. Chibalonza alimdaka mdogo wake Bisimwa kwa mkanda wa boya alilovaa. Muema, nesi Mkenya anayesali nao kanisa moja, aling'ang'ania mtumbwi. Makafi mawili yakaenda zake, na simu, na jiko la gesi, na begi la chakula. Kilichobaki ni kafi moja, sufuria iliyokuwa imefungwa kwa kamba, mfuko mdogo wa dawa, na chupa ya maji iliyofika nusu.

Mawimbi yaliwasukuma hadi ukingo wa kaskazini mashariki, kwenye tuta refu la mchanga linalolitenga ziwa na bahari. Bisimwa aliruka ili auvute mtumbwi, akatua kwenye mwamba uliojaa chaza. Maganda yake yalimchana muundi kutoka chini ya goti hadi kifundoni.

Sasa isemwe habari ya madumu ya maji, maana Chibalonza mwenyewe hakuacha kuyafikiria tangu alipoionja ile chumvi. Ziwa la kwanza, walikolala Ijumaa, lilikuwa la maji matamu, ya rangi ya chai lakini matamu. Walikunywa, wakapikia, wakaoga. Jumamosi alfajiri wakafika mwanzo wa njia ya kubebea mtumbwi, kilomita moja na nusu ya msitu kati ya ziwa na ziwa, na Muema akainama kulinyanyua dumu la lita ishirini. Yalikuwa mawili. Chibalonza alicheka mpaka akakaa chini.

"Tutabeba mayi kuipeleka ku lac?" alimuuliza, akionyesha kwa kidevu upande wa ziwa la pili. "Acha hizo bidon hapa."

Muema alianza kusema kitu kuhusu ramani na bahari, kisha akalirudisha dumu chini. Mwanamke huyu ni rika la mama yake, safari ni yake, na kupiga kafi anajua kuliko wote wawili. Madumu yakabaki chini ya mti, ubavuni yameandikwa CHIBALONZA, LIDCOMBE kwa wino mnene. Aliandika jina kwenye kila kitu chake, kwa sababu kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, chakula kisicho na jina kina miguu.

Na sasa wangerudi vipi? Upepo ulivuma kutoka kule kule walikotakiwa kwenda. Kanisani walikuwa wameaga kwamba watarejea Jumatatu jioni, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Muema alitumia dawa yote kuosha kidonda, akakifunga kwa kipande cha shati, akaenda upande wa bahari hadi jua likakaribia kuzama. Hakukuta nyumba wala barabara. Chupa ile alipewa Bisimwa, funda kwa funda, na Jumapili asubuhi ilikuwa imekauka.

Asubuhi hiyo mguu ulikuwa umevimba na unatoa joto. Bisimwa alitapika mara mbili. Muema akamvuta Chibalonza kando, akamweleza bila kumficha. Kidonda cha chaza huoza haraka. Bila maji mgonjwa hatafika kesho, na akiyapata bado anahitaji hospitali, si baada ya siku tatu, kesho.

Chibalonza alisikia uchungu wa kweli. Alimleta Bisimwa Australia kwa miaka tisa ya fomu na mahojiano. Ana miezi minane tu ya kula naye meza moja. Na maji aliyaacha yeye, akicheka.

"Ni mimi," alisema.

"Anti, hiyo tutaongea tukiwa nyumbani," Muema akamjibu. "Saa hii leta sufuria."

Huyu Muema alizaliwa Kitui, ambako mto kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, na mtoto huujua mchanga kabla hajajua kusoma. Alitembea nyuma ya tuta akiinama, akipapasa, akipuuza sehemu zilizoonekana nzuri, mpaka akafika bondeni palipoota majani membamba ya kijani. Akaanza kuchimba kwa sufuria. Chibalonza akachimba kwa mikono pembeni yake. Kina cha kiwiko, mchanga ukawa na unyevu. Zaidi kidogo, maji ya rangi ya kahawia yakaanza kujikusanya taratibu. Muema alionja, akafumba macho. Matamu.

Chibalonza, kwa furaha, akaendelea kuchimba ili yaje mengi. Muema alimkamata mkono.

"Usichimbe tena. Ya juu ni ya mvua, chini yake kuna chumvi. Ukienda chini tumeharibu yote."

Basi wakateka ya juu, kiganja baada ya kiganja, wakayachuja kwa kitambaa. Bisimwa alikunywa na hayakurudi. Siku nzima ilipita hivyo, kisima kikijaa polepole nao wakisubiri. Katika maisha yake yote ya ziwani, Chibalonza hakuwahi kuyasubiri maji.

Jumatatu kabla ya mapambazuko upepo ulikata. Hapo ilikuwa zamu ya Chibalonza. Alijua kwamba ziwa likilala halilali sana, akawaamsha wenzake gizani, akapiga magoti nyuma ya mtumbwi, akapiga kafi moja kulia, kushoto, kulia, bila kupumzika, na jua lilipotoka pua ya mtumbwi iligusa matope ya ng'ambo.

Mbele yao msitu, kilomita moja na nusu. Muema angebeba mtumbwi kichwani, maana ziwa la kwanza nalo lilikuwa linawasubiri. Bisimwa alijaribu kusimama, akaanguka.

"Yaya, muniache hapa. Mutume batu," alimwomba dada yake.

Chibalonza alivua kitambaa chake cha kichwani. Katikati ya utosi wake kulikuwa na mfereji, alama ya miaka ya kubeba mihogo na makaa kwa mkanda unaopita kichwani, kama walivyobeba mama yake na bibi yake. Alipotua Sydney aliapa hatabeba hivyo tena, na mfereji ule hakuna mtu kanisani aliyewahi kuuona. Kazini walishamwonya mara mbili kwamba mzee hanyanyuliwi kwa mikono, hunyanyuliwa kwa mashine. Alifungua mikanda ya maboya, akaiunga, akaipitisha chini ya mapaja na mgongoni mwa mdogo wake, kisha akauweka mkanda kwenye mfereji. Ulikaa mahali pake.

"Usiambie batu ba kanisa," Bisimwa alimnong'oneza sikioni, kilo sitini na nane za aibu.

Alitembea ameinama, macho ardhini, akihesabu mizizi. Kila alipoona gogo la kimo kizuri aliuegemeza mzigo, akavuta pumzi, akaendelea. Shingo iliwaka moto. Aliichukia miti, akawachukia mbu, akajichukia mwenyewe, halafu akaacha, kwa kuwa chuki nayo ilikuwa na uzito.

Madumu yalikuwa palepale chini ya mti. Karibu nayo alisimama askari wa hifadhi ya msitu na maziwa yale, ana karatasi mkononi. Alikuja na boti kuandika faini ya uchafu, na jina la kuandika alishalipata ubavuni mwa dumu. Alipomwona mama anatoka msituni na mwanamume mzima mgongoni, karatasi ilimdondoka. Dakika kumi baadaye boti ilikuwa inakata maji, na redio inaita gari la wagonjwa.

Daktari alisema mguu ulikuwa umebakiza siku moja.

Wiki tano baadaye, kanisani Auburn, Bisimwa alisimama kwa fimbo kutoa ushuhuda. Alisimulia upepo, kisima cha Muema na msitu. Kisha yeye aliyeomba siri akasema wazi, kanisa zima likisikia, kwamba dada yake alimbeba mgongoni. Watu wakageuka. Chibalonza alikuwa ameketi safu ya pili, kichwa wazi, mfereji wake unaonekana na kila mtu. Walianza kupiga makofi. Aliinua mkono wakanyamaza.

"Bisimwa," alisema, "ongea pia ile ya bidon zenye niliacha."