Tuta Njaa la Semeni

Huyu ndiye Semeni. Ana miaka saba. Meno mawili ya mbele yameng'oka, na mdomo haukai kimya hata kidogo.

Shule ya Semeni iko mlimani. Nyuma ya jiko la shule kuna bustani. Asubuhi moja darasa la pili lote lilikuwa huko, viatu vimejaa udongo.

Mwalimu Kobelo alishika kopo la mbegu za mchicha. "Tunataka kujua jambo moja," alisema. "Je, samadi ya mbuzi inaukuza mchicha? Au ni maneno ya watu tu?"

"Inaukuza!" walisema wengine.

"Haiukuzi, inanuka tu!" walisema wengine.

"Hatubishani," alisema Mwalimu. "Tunapima."

Tuta moja likapewa ndoo nzima ya samadi. Tuta la pili halikupewa kitu. Mbegu zilezile. Maji yaleyale. Jua lilelile.

Samadi hiyo aliileta Mbaraka. Aliibeba kichwani kutoka kwao, mlima wote. Basi yeye ndiye aliyeyapa matuta majina. "Hili ni Tuta Shibe," alisema. "Na lile ni Tuta Njaa."

Mbaraka akapewa Tuta Shibe alitunze. Semeni je? Semeni akapewa Tuta Njaa.

Mwalimu akawapa rula na daftari. Akawafundisha wimbo:

*Pima, pima! Andika, andika!*
*Usiongeze, usipunguze!*

Semeni akauimba njiani. Akauimba akila. Bibi yake akausikia mpaka akaujua wote.

Mbegu zikaota. Chwa, chwa, chwa, maji yakamwagwa. Tuta Shibe: sentimita sita. Tuta Njaa: sentimita mbili.

"Mchicha wangu umesimama!" alisema Mbaraka. "Wako umechutama!"

Darasa zima likacheka, kwa kweli Semeni naye akacheka kidogo. Lakini moyoni aliumia.

Akauinamia mchicha wake. "Pole," akanong'ona. "Una njaa, eh?"

Jani moja likatikisika. Ulikuwa ni upepo tu. Semeni akaona ni jibu.

Nyumbani, Bibi anafuga mbuzi watatu. Mee! Mee! Mee! Nyuma ya banda kuna samadi kavu, tele. Jioni ile Semeni akachota konzi moja, ya kujaa kiganja. Konzi moja tu, akaifunga kwenye karatasi.

Asubuhi akawahi shule kabla ya wote. Nyatu, nyatu, nyatu, mpaka kwenye Tuta Njaa.

"Kula kidogo," alisema. "Usimwambie mtu."

Akanawa mikono kwa sabuni. Kisha akachukua rula.

*Pima, pima! Andika, andika!*
*Usiongeze…*

Hapo Semeni akanyamaza.

Kesho yake, konzi moja. Keshokutwa, konzi moja. Nyatu, nyatu, nyatu. Siku kumi, konzi kumi!

Na mchicha wa Tuta Njaa? Loo! Ukakaza mwendo. Sentimita nane. Sentimita kumi na mbili. Ukaufikia ule wa Mbaraka.

Mwalimu Kobelo akaja na rula yake. Akapima huku. Akapima kule. Akapima tena.

"Yamelingana," alisema. "Basi samadi haisaidii. Ijumaa wazazi wanakuja kusikia jibu letu. Walitaka kuibeba samadi mpaka kwenye mashamba yao. Nitawaambia waache."

Mbaraka akainamisha kichwa. "Kumbe nilibeba bure," alisema. Akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Semeni akawaza. Wazazi wakiacha samadi, mchicha wa mlima mzima utachutama. Na kwenye sufuria kubwa la shule kutapikwa nini?

Mdomo ule usiokaa kimya, leo ulikwama.

Semeni akalivuta shati la Mwalimu. "Mwalimu," alisema, "Tuta Njaa halina njaa."

"Unasemaje?"

"Nililiwekea samadi. Konzi moja kila siku. Nililionea huruma." Machozi yakamtoka, tiririri.

Mwalimu Kobelo akachuchumaa mbele yake.

"Hilo ni kosa, Semeni," alisema. "Tungewapa wazazi jibu la uongo. Lakini umesema mapema, kabla ya Ijumaa. Asante. Sasa chukua daftari, uandike."

"Niandike nini, Mwalimu?"

"Ulichofanya."

Semeni akaandika: *Siku kumi. Konzi kumi.*

Mbaraka akachungulia daftari. Akaruka juu. "Ngoja! Kwa hiyo samadi inasaidia! Mimi nilimwaga ndoo nzima. Semeni konzi kumi tu. Na yamelingana!"

Mwalimu akakuna kichwa. "Hilo sikuliwaza," alisema.

Ijumaa aliwaambia wazazi, "Jibu bado. Tunapima upya."

Wakalima matuta matatu. Tuta Shibe, ndoo nzima. Tuta Konzi, konzi kumi. Tuta Njaa, hakuna kitu.

"Nani atatunza Tuta Njaa?" aliuliza Mwalimu.

Mmoja akaangalia mawingu. Mwingine akaangalia vidole vyake vya miguu. Semeni akanyoosha mkono.

"Mimi," alisema. "Na safari hii halitakula."

Haikuwa rahisi, jamani! Kila asubuhi Semeni aliuona mchicha wake umechutama. Kila asubuhi alitamani kuupa konzi moja. Badala yake akauimbia:

*Pima, pima! Andika, andika!*
*Usiongeze, usipunguze!*

Siku ya jibu ikafika. Wazazi wakaja na kanga zao na kofia zao. Tuta Shibe: mchicha mrefu. Tuta Konzi: mrefu vilevile. Tuta Njaa: mfupi, mfupi hasa.

"Samadi inasaidia," alisoma Mbaraka kwa sauti.

"Na konzi zinatosha," alisoma Semeni. "Si lazima ndoo nzima."

"Alhamdulillahi!" alisema mama yake Mbaraka. "Shingo zetu zimepona!"

Wakacheka wote. Mchicha mrefu ukachumwa, ukapikwa na karanga, ukaliwa na ugali wa moto. Semeni akala sahani mbili.

Kisha Mwalimu akamwita. "Semeni, kupima kumekwisha," alisema, na akampa konzi moja ya samadi.

Semeni akakimbia. Leo hakunyata. Akainyunyiza samadi kwenye mizizi ya mchicha mfupi. "Kula!" alisema kwa sauti kubwa. "Kula ushibe!"

Jioni, kabla ya kulala, Semeni akasimama kwenye mlango wa chumba, mgongo kwenye mbao.

"Bibi, nipime! Nimekula mchicha."

Bibi akachukua kipande cha mkaa. Akainama. Akatazama chini, miguuni pa Semeni. Visigino vilikuwa hewani.

"Usiongeze," alisema Bibi.

Semeni akacheka, pengo lake wazi. Akavishusha visigino, pole pole, mpaka chini.

Bibi akachora mstari. Semeni akauangalia, akapiga mwayo, akaenda kulala.