Mwangwi Uliotangulia

"Mbona mwangwi umetangulia?"

Vasta ndiye aliyeuliza. Baba yake alikuwa anacheka. Mama yake alikuwa ameganda na fimbo mkononi. Dada yake Docus, ambaye hakuwa mtu wa kuacha swali lipite hivi hivi, alikodolea macho kilele cha pili huku mdomo ukiwa wazi, kwa sababu neno lililosikika kutoka huko lilikuwa bado liko kwenye ulimi wake mwenyewe.

Ilikuwa Julai ya 2018, kiangazi, na Docus alikuwa nyumbani Bwera kwa likizo ya chuo kikuu. Baba yao Ezironi, askari mstaafu aliyekuwa akiuza maharage sokoni karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, aliamua kwamba familia nzima itapanda vilele viwili vilivyo juu ya kijiji cha Kyondo na kurudi siku hiyo hiyo. "Nyinyi watoto mnapanda boda hata kwenda chooni," alisema. Aliwapeleka kama kikosi: mashamba ya kahawa yakaisha, mihogo ikaisha, mawe yakaanza. Kila walipopumzika aliita majina, na kila aliyeitwa alitakiwa kusimama wima na kujibu, "Afande!"

Mama yao Bulandina hakupenda. Alizaliwa Kyondo, tangu utoto amepanda huko kutafuta kuni. "Baba Docus, jina linabakia nyumbani. Huku juu tunagonga." Akagonga fimbo kwenye jiwe, mara mbili. "Hivi, mutu anajua ni wewe. Basi."

"Sisi tumeokoka," Ezironi akasema. "Nitaanza kuongea na mawe mimi? Kikosi, mbele tembea!"

Walipofika kilele cha kwanza, upepo ulikuwa umetulia kabisa. Ezironi akapanua kifua.

"Vasta!"

"Afande!"

"Docus!"

"Afande!" likaja jibu kutoka kilele cha pili, kabla Docus hajavuta pumzi. Na sauti ilikuwa yake. Hata ule ukali anaoutia mwishoni mwa neno akitaka majaji wa mdahalo wasikie, ulikuwepo.

Ndipo Vasta akauliza lile swali lake, na Ezironi akacheka, akasema hata mlima umejua nidhamu.

Docus hakuogopa. Alikasirika. Chuoni, kwenye timu ya mdahalo, kulikuwa na wavulana waliokuwa wakisimama baada yake na kusema, "Alichomaanisha Docus ni hiki." Alikuwa ameapa kwamba hakuna kiumbe kitakachomsemea tena. Akapanda juu ya jiwe, mikono kiunoni.

"Wee! Docus ni mimi! Kama una cha kusema, njoo ukisemee hapa mbele yangu!"

Mama yake alimrukia na kumziba mdomo, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Wote wakasikiliza. Ukelele ule mkubwa mlima haukurudisha hata kidogo, kana kwamba umeumeza.

"Turudi," Bulandina akanong'ona. "Nawaomba, turudi."

"Tumesema vilele viwili, ni vilele viwili," akasema Ezironi.

Juu ya kilele cha pili hapakuwa na mtu. Kulikuwa na jiwe moja bapa, na Vasta alipolikalia aliinuka upesi, akasema lina joto kama kiti kilichotoka kuachwa sasa hivi. Hewa ilinuka shaba mbichi, ile harufu ya Kilembe mvua inapoloweka mawe ya mgodi wa zamani. Walipoanza kushuka Docus alikohoa. Walipofika mashamba ya kahawa sauti yake ilikuwa ikikwaruza. Walipoingia nyumbani alifungua mdomo amwombe Vasta maji, na hakikutoka kitu.

Daktari alimulika koo akasema ni safi. Mchungaji aliomba mpaka shati likalowa. Docus alibaki anaandika haja zake kwenye simu na kumwonyesha mtu kioo, na hasira zote za maisha yake zilijazana kifuani zisipate pa kutokea.

Halafu majirani wakaanza kumpongeza Bulandina kwamba binti yake amepona. Mwenye duka alisema Docus amemsalimia kutoka nyuma ya uzio. Mwingine alisema amemsikia akiita kuku. Bulandina aliitikia kwa kichwa tu, akarudi ndani akafunga mlango.

Jioni moja walikuwa wote uani, Ezironi kwenye kigoda, Docus miguuni pake anamenya mihogo. Mzee akaita majina, kwa mazoea tu, akili iko kwingine.

"Vasta!"

"Afande!"

"Docus!"

"Afande!"

Ilitoka nyuma ya choo. Ezironi akaruka juu, mikono hewani. "Asante Yesu! Mutoto amepona! Mmesikia? Amepo..." Akainamisha macho, akamwona binti yake pale chini na kisu mkononi, midomo imefungwa, machozi yanadondokea mihogo. Mzee aliketi tena kwenye kigoda. Tangu jioni ile hakuita jina la mtu tena.

Kesho yake Bulandina alimleta Naome, mganga wa Kyondo, mama mfupi mwenye sweta la kiume. Naome alimnusa Docus shingoni, akatema.

"Kitu ya mlima," akasema kwa sauti ya chini. "Ulikiita kije, kimekuja. Sasa iko na sauti, haina mwili. Itaita. Mwenye kuitika, huyo ndiye mwili wake. Siku hiyo, weye binti, utarudishiwa sauti yako, kwa sababu kitakuwa na ya mwingine."

"Na kama hakuna anayeitika?" Ezironi akauliza.

"Kitachoka, kitarudi. Lakini nyumba yote inyamaze. Mutu akija, agonge mara mbili. Kile haina mkono, haiwezi kugonga."

Ezironi alimsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alisimama mbele ya binti yake. "Ningejua," akasema, "ningekuacha ulale siku ile." Akamshika kichwa, akaondoka.

Jumapili wazazi walikwenda kanisani. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani, ukaufuta uzio, ukaifuta migomba. Docus na Vasta walikuwa jikoni, mlango umefungwa kwa komeo, walipoisikia ile harufu ya shaba ikiingia chini ya mlango.

"Vasta," ikaita sauti. "Mdogo wangu."

Mtoto akamtazama dada yake.

"Hebu tufikiri pamoja," sauti ikaendelea, tulivu, tamu, kama Docus anapojua kwamba ukumbi ni wake. "Dada yako ni nani? Ni yule aliyekufundisha kusoma, aliyekuimbia ulipoumwa, anayejua ulificha wapi kikombe ulichovunja, au ni huyo aliyekaa humo ndani asiyeweza kukuambia hata jina lako? Mwulize. Mwambie akuite Vasta, mara moja tu."

Docus alizijua hoja hizo. Ndivyo yeye mwenyewe angezipanga, na alijua kwamba zinashinda. Alimwona mdogo wake analegea, macho yanakwenda mlangoni, kidevu kinatetemeka, mdomo unaanza kufunguka taratibu kama wa mtu anayelala, akamrukia, akamziba mdomo kwa viganja viwili, akamkumbatia chini kwenye majivu huku Vasta anapiga mateke na sauti ile kule nje inaomba, inacheka, inalia, inamwita na kumwita, karibu zaidi kila mara, mpaka ikawa kama inatokea kwenye ufa wa ubao wenyewe.

Kisha ikakatika katikati ya neno. Harufu ikatoweka.

Walikaa hivyo hivyo, hawathubutu kusogea. Baadaye, mlangoni: kogo, kogo. Fimbo ya mama. Docus akafungua.

Bulandina alikuwa peke yake, kitambaa cha kichwa kimelegea, anahema. "Baba yenu iko wapi? Ametoka kanisani mbele yangu, anakimbia. Alisema amesikia Docus anamwita kutoka mbali, analia. Nilimshika koti, akaliacha mikononi mwangu." Aliinua koti. "Aliitika, watoto. Aliitika 'Niko hapa, binti yangu', watu wote wakageuka."

"Hapana," akasema Docus.

Wote watatu walilisikia neno lile. Docus aliishika shingo yake kama anayezuia damu.

Kutoka migombani, ndani ya ukungu, fimbo ikagonga kwenye jiwe. Mara mbili. Kisha sauti ya Ezironi ikapanda, nzito, ya kijeshi, ikiita majina kama zamani, na la kwanza lilikuwa la mke wake.

Uso wa Bulandina ukang'aa. "Ni yeye! Amegonga!" Akageuka, akavuta pumzi.

Docus alimshika mikono yote miwili.

"Mama, nakuomba, sasa kina mikono," akasema. "Usiitike."